Mkono wa mama yake Elina

Osward, nimekwisha.

Nimempeleka mtoto wa dada chekechea, mwalimu kasema tuliowaleta watoto tubaki. Katufunga vitambaa machoni, tushikane mikono na watoto kwenye mibuni, tunuse majani, tusikilize ndege.

Mkono nilioushika kulia nahisi mkubwa. Nachungulia. Mama yake Elina, kaleta mjukuu. Mama mkwe, Osward, mtu ambaye kwa mila namkwepa hata njiani, nimemshika mkono.

Nimemshika mkono, na mahari wanapokea Jumamosi.

Nikataka kuachia. Akanong'ona, "Ukiachia wote watajua. Tulia, baba." Mwalimu naye, "Sikilizeni joto la mwenzenu." Nimetulia kama mbuzi kamba shingoni.

Sasa mwalimu katuma picha yetu kwenye grupu la wazazi. Baba mkwe yumo.

Ameiona. Anaandika.