Shoka la Watu Watatu

Rwenkende, Muleba
Alhamisi, Mei 1988

Mwihwa wangu Buberwa,

Barua hii ikukute hapo Kitendaguro ukiwa na chaki mkononi na shibe tumboni. Mkeo Getruda hajambo? Mtoto kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku tunapumua, na siku hizi mtu akiulizwa hali hajibu zaidi ya hapo. Mama yako Petronila, dada yangu, anakusalimu. Migomba yake imezaa, ila mwenyewe amekonda.

Ungekuja mwenyewe kuniuliza habari, ningekuambia zote ni njema na kuongeza chumvi juu, unanijua. Lakini ukiona nimeshika kalamu, mimi niliyeacha shule darasa la nne kwa sababu mwalimu aliishiwa na vya kunifundisha, ujue jambo limenifika shingoni. Ninaogopa, Buberwa. Mimi yule yule niliyesimama juu ya mwamba wakati wa vita nikazizomea ndege za Nduli mpaka moja ikageuza njia. Ninaogopa hata kuchota maji.

Habari ya kamati yetu ya msitu umeisikia vipande vipande, maana wakati ule ulikuwa chuoni. Vita vilipopamba moto, msitu huu wa Rwenkende ndio uliotuficha wote: sisi wa mlimani wenye migomba, wavuvi wa kambini waliotoka Mara na Usukuma, na wanunuzi wa samaki wa Bukoba waliokwama huku. Tulikula chungu kimoja, tukatetemeka pamoja. Vita vilipoisha tukaapa kuulinda. Chemchemi inatoka humo, samaki wanazaliana chini ya mizizi yake pale ghubani, na kuni za kukaushia samaki ni matawi yake makavu. Ila kuapa ni kuapa tu, hakuna aliyemwamini mwenzake. Ndipo tukabuni shoka letu. Wazo lilikuwa langu, ingawa Mzee Ndyamukama, mwenyekiti, husema ni lake.

Shoka la msitu ni moja. Chuma chake kinakaa kwangu, kwa niaba ya watu wa mlimani. Mpini unakaa kambini kwa Magesa, mkubwa wa wavuvi. Kabari, ile inayokaza chuma kisichomoke, inakaa kwa Hamidi, mnunuzi wa samaki. Mti hauanguki mpaka sisi watatu tukutane, tukubaliane, tuliunganishe. Atakayeingia na shoka lake mwenyewe, nyumba yake inafungiwa chemchemi na kuni. Miaka yote hiyo lilitosha. Watu walikuja kutoka mbali kulitazama, na mimi niliwaambia lilitengenezwa kwa chuma cha bomu.

Kisha ukaja ugonjwa huu. Mwanzoni watu waliuita Juliana, kama vile vitambaa vya magendo, wakacheka. Sasa hakuna anayecheka, wala anayeutaja. Tukawa hatuliunganishi shoka kwa mtumbwi wala kwa nyumba, ni majeneza tu. Ukiwa ziwani ukatazama mlimani, unaona mapengo kama kinywa cha mzee. Ndipo nikasimama mkutanoni, na sauti yangu ile ya fahali, nikasema kila nyumba mti mmoja, basi. Nyumba iliyokwisha kuchukua wake, atakayefuata azikwe kwa mkeka. Walinipigia makofi. Nyumba ya mama yako ilikuwa imekwisha kuchukua, wa marehemu baba yako. Sikulifikiri hilo. Nilikuwa nasikiliza makofi.

Basi baada ya mvua za Pasaka shoka likaanza kulia msituni. Chuma kiko kwangu chini ya kitanda, mpini uko kwa Magesa, kabari iko kwa Hamidi, na shoka linalia. Linapiga kidogo, linanyamaza muda mrefu kama linalosikiliza, linapiga tena. Mchana kweupe! Wanawake waliacha ndoo chemchemini wakakimbia. Wengine walisema ni wafu waliozikwa kwa mkeka wanajikatia wenyewe, na wote wakanitazama mimi mwenye sheria. Ndyamukama akasema kwa kuwa Aristides alizirudisha ndege, shoka moja halitamshinda, aende akaone. Watu wakacheka. Ningefanya nini? Nikaenda.

Niliingia na panga na rozari, vyote mkono mmoja, maana kwa ule mwingine nilikuwa napiga ishara ya msalaba. Mvua ilikuwa inanyesha. Sauti ikanivuta mpaka kwenye bonde la chini, karibu na ghuba, ambako majani ni mazito. Nikachungulia. Nikaona mifupa imevaa shati, imepiga magoti juu ya gogo, inachonga kwa tezo. Ilipiga kidogo, ikalaza kichwa juu ya gogo ikihema. Hapo nikajua kwa nini shoka lilikuwa linanyamaza. Kisha ikageuka ikaniita mjomba.

Alikuwa Aroni, Buberwa. Ndugu yako Aroni, ambaye mama yenu anajua yuko visiwani anachonga mitumbwi ya watu.

Alinieleza bila kulia. Alipoona mwili unakwisha alitaka kurudi nyumbani, akakumbuka sheria. Akasema hataki mama ashikwe na aibu mara mbili, ya ugonjwa na ya mkeka. Alishuka kwenye mtumbwi usiokuwa wa kambi yetu, akajificha, akaangusha mti mwembamba kwa shoka lake na kuanza kuuchonga. Jeneza lenyewe limetoka na umbo la mtumbwi, maana mikono yake haijui kitu kingine. Sikumsogelea, nakuambia ukweli. Nilikuwa na ndizi mbili za kuchoma mfukoni, nikamrushia kwa mbali kama mtu anavyomrushia mbwa. Akaziokota, akanishukuru.

Nilipotoka, kijiji kizima kilikuwa kinaningoja. Ningemtaja, mama yako angefungiwa maji siku ile ile. Mdomo wangu ukafanya kazi iliyoizoea. Nikasema nimepambana na pande la jitu, jeusi, limejaa magamba, linachuruzika maji. Nilitaka waogope tu, wasiingie. Waliniamini kuliko siku zote, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikufurahi kuaminiwa.

Maana kitu chenye magamba kinatoka wapi? Ziwani. Na nani anakaa ziwani? Kufika jioni vijana wa mlimani walikuwa wanasema wavuvi wamefuga jini ili watumalizie msitu, na ndilo lililoleta ugonjwa. Rozi, mke wa Magesa, alipokuja chemchemini walimpigia teke ndoo wakamwita mke wa jini, wakamuuliza kama mumewe naye ana magamba shukani. Watoto wake sasa wanakunywa maji ya ziwa, wanaharisha. Magesa amesema mpini hautoki tena kambini, na atakayekuja kuufuata aje na sanda yake. Jana nimeona vijana wanafunga matita ya nyasi kavu za rweya, kule uwandani. Wanasema ni za kutandika nyumbani. Nani anatandika nyasi nyingi hivyo, na karibu na vibanda vya mafunjo vya kambini? Mkutano ni Jumapili baada ya misa. Baada ya mkutano, moto.

Nimejaribu kumwambia Ndyamukama kwamba hakuna jini, ni mtu. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, Aristides, juzi jitu, leo mtu, kesho utatuambia ni ndege ya Nduli imerudi kukudai. Hayo ndiyo malipo yangu.

Mama yako nimemwambia. Hakulia. Alifunga kilemba, akamenya ndizi, akaenda msituni mchana mbele za watu, nao wakampisha wakidhani amerukwa na akili. Anamlisha kwa mkono wake. Nilipoona hivyo nikaona haya, nikamsogelea Aroni nikamshika. Mwepesi, mwihwa wangu. Hata kuku wanamzidi uzito. Nilipomwambia habari za kambi, alisema Magesa ndiye aliyemfundisha kuogelea. Akasema kama ni hivyo nimtoe nje watu wamwone.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Jumapili nitambeba Aroni mgongoni mpaka mkutanoni. Maneno yangu hawatayaamini, mgongo wangu watauamini. Kisha nitasema kwamba mti ule ni wa nyumba yangu. Nyumba yangu haijachukua wake. Nimempa, na sheria ni yangu, nani ataniambia siijui? Mimi nitazikwa kwa mkeka, ila uwe mrefu, maana mtu wa kimo changu hawajapata kumzika Muleba nzima. Na shoka lililoingia bila idhini nitalijibia mimi. Wakifunga chemchemi wafunge kwangu. Lakini ninaogopa kutembea peke yangu kutoka msituni mpaka pale. Njoo Jumamosi, utembee ubavuni kwangu, umshike ndugu yako mkono.

Sikuifunga barua hii kwa gundi, na si kwa kusahau. Ninampa Hamidi aichukue. Nimemwomba aisome yeye kwanza, kisha apite kambini amsomee Magesa asiyejua kusoma, neno kwa neno, hata lile la ndizi. Wakiona ni uongo wangu wa kila siku waichane waitupe ziwani. Basi ikiwa umeishika mkononi na unaisoma hapa, ujue mwenye mpini na mwenye kabari wameniamini, na Jumapili tutakuwa watatu.

Msalimie Getruda, mpakate mtoto kwa niaba yangu, na mama yako anasema uje na blanketi.

Ni mimi mjomba wako,
Aristides
mshika chuma