Mzinga Uliomrudisha Mke Wangu

Mpendwa baba mkwe,

Huko uliko najua umeshapata wa kuwaeleza habari za mizinga. Hapa Birmingham hakuna harusi ya Wakongo uliyohudhuria ikasalimika. Watu wanasubiri wali, wewe umeshika maikrofoni, unaeleza jinsi mzinga wa kale ulivyorudi nyuma wote, na magurudumu yake, kila ulipofyatuliwa, askari wakaanza upya kuusukuma na kulenga. Kisha karne ya kumi na tisa ikielekea ukingoni, mafundi wakaupa mtutu breki ya mafuta. Mtutu ukawa unarudi nyuma peke yake na kuteleza tena mahali pake, magurudumu yametulia.

"Mugombane, hakuna shida," ulituambia siku ya harusi yetu, mtutu ukiuita canon, magurudumu ma-roues na ndoa mariage. "Canon irudie nyuma, lakini ma-roues zibakie palepale. Hiyo njo mariage."

Mimi Mkenya niliitikia amina, macho yakiwa kwenye sambusa.

Sasa sikia. Mwezi uliopita nilisema mbele ya wageni kwamba sombe ya binti yako, majani ya muhogo aliyoyatwanga tangu asubuhi, inafaa kulishwa mbuzi. Nilikuwa natania. Akafunga mzigo, akahamia kwa mama yake Stechford, na simu zangu hakupokea. Nyumba yetu ya Acocks Green ikapooza. Niliogopa hatarudi, baba, na bila yeye mimi si mtu.

Mila yenu inataka mume aende na mbuzi wa faini. Nikapanda basi na mbuzi wangu kutoka bucha la Sparkhill, amekatwakatwa, ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Mama mkwe akachungulia.

"Kichwa iko wapi?"

"Hawakuwa nacho, mama."

"Sasa tutajua namna gani kama ni mbuzi?"

Tukakaa. Binti yako akanipa kisogo. Ndipo tulipotambua kwamba msuluhishi wa nyumba ile siku zote ulikuwa wewe. Pengo lako nililihisi kuliko hata siku ya mazishi yako. Nikasimama, nikakohoa, nikatoa hotuba yako: ndoa ni mzinga, mtutu utulie, magurudumu ndiyo yarudi nyuma.

"Hapana," akasema binti yako, neno lake la kwanza kwangu tangu ile sombe. "Ni canon njo inarudia nyuma. Ma-roues zinabakia. Papa alisema mara ngapi?"

Akalia, nami nikalia. Mama mkwe akaenda kubandika nyama.

Tumesharudi nyumbani. Anasema nilikosea makusudi ili azungumze, na kwamba hayo ndiyo mapenzi. Sijamrekebisha. Nawe, ukimtokea ndotoni, nakuomba uongelee mizinga tu.

Mkweo