Mikia ya Maneno

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, na wanafunzi wangu hawajambo, ila moyo wangu uko kwako. Nimesikia bosi mpya atawasomesha lebo za mapipa mmoja mmoja, na asiyejua hana kazi ghalani. Hilo linanikosesha usingizi, maana mapipa yenyewe ni ya dawa kali.

Sikiliza. Kiingereza hubadilika mkiani. *Harm* ni madhara. Likiisha na *-ful*, madhara yamejaa, vaa glavu. Likiisha na *-less*, hayapo, beba huku unaimba. Usinicheke, hata kwetu kupika na kupikwa si kitu kimoja. Hapa chini nimekuandikia *harmful, harmless, useful, useless, careful, careless*. Yanakili unirudishie.

Binti yako, Mwalimu

19 Februari

Mwalimu wangu,

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima, ila milango ya ghala imeniandama. Kila nikipita inanigonga bega la kulia. Uzee huu una mbwembwe. Simu yangu nayo imeibiwa hapahapa chumbani, kwa hiyo tuendelee na barua.

Kazi yako hii: *harm, harm, use, use, care, care*. Mbona umeniandikia kila neno mara mbili? Hiyo mikia sijaiona.

Mama wa kantini naye ananipunja. Juzi nilimlalamikia sahani haina nyama. Akaizungusha, nikaikuta nyama yote imekaa pale. Watu walicheka mpaka wakapaliwa, nami nikacheka.

Jana toroli la mizigo lilinipita likanichana mkono wa shati. Dereva alinitukana, eti amepiga kelele nikamtazama tu. Sikuliona likija, mwanangu. Usimwambie mtu.

Baba yako

27 Februari

Baba,
shikamoo.
Naandika
ukingoni
kushoto
makusudi,
usome yote.

Yale maneno
yana mikia.
Niliiandika
mwenyewe.
Wewe huioni.
Mlango,
nyama,
toroli:
vyote viko
kuliani.

Nimemwonyesha
muuguzi
wa shule
barua yako.
Hakucheka.
Anasema huenda
shida si macho,
iko kichwani,
na haingoji.

Usiingie
ghalani tena.
Lebo na bosi
achana nazo.
Nenda hospitali
leo hii.
Barua hii
nampa dereva
wa basi,
akukabidhi
mkononi.
Mwombe jirani
akusindikize,
akae kulia
kwako.

Naogopa, Baba.
Nakuja
Jumamosi.

Binti yako

1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Namshukuru dereva wako, alinikuta nafunga kamba za viatu niende kazini. Barua yako nimeisoma hadi chini, na ndipo nikajua zile nyingine nilikuwa nazisoma nusu nusu. Nilikuwa nasoma mwanzo wa mstari, uliobaki nakisia. Nilidhani siku hizi una haraka, hunimalizii maneno. Nilikuwa nimeanza kukununia kimoyomoyo.

Jirani alipokuja kunichukua aliuliza kwa nini siitumii simu yangu. Ilikuwa mezani, kulia kwa kitanda. Hakuna mwizi aliyeingia humu.

Wamenilaza. Daktari anasema mshipa wa damu kichwani umeziba, nao upande wa kulia wa kila kitu umeondoka kwa macho yote mawili. Nilimuuliza kama utarudi. Akasema tusubiri, akaanza kupanga vyombo vyake.

Naogopa, mwanangu. Mchana najikaza, natania manesi. Taa zikizimwa sithubutu kufumba macho, nahofia nikiamka nusu iliyobaki nayo nisiikute. Asubuhi mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa na sikio moja na nusu ya tabasamu. Niligeuza kichwa kama manesi walivyonifundisha, akatimia.

Jumamosi ukiingia wodini usisimame mlangoni ukingoja nikuite. Mlango uko kuliani. Zunguka kitanda, mwanangu, uje kushoto kwangu.

Baba yako