Nyuki Ambao Hawakuwepo

Jumapili, jioni. Joto la Oktoba bado halijatoka ukutani.

Leo jumuiya yetu tulienda kuhiji kwenye ule mlima wa mawe, njia ya Namtumbo. Chini kuna nyasi zilizokauka. Ukipanda kidogo hakuna tena kitu, ni mwamba mtupu unawaka kama jangwani, na juu kabisa kuna msalaba. Mimi ndiye mwenyekiti, kwa hiyo nilitangulia.

Kuna mahali njia inabana, unapita kwa kushika mwamba, na kushoto ni korongo. Nikaangalia chini. Miguu ikagoma. Mzee Komba, aliyekuwa nyuma yangu, akasema, "Mwenyekiti, naona miguu imeanza kucheza lizombe na ngoma bado haijapigwa."

Watu wakacheka. Kwa aibu nikasema nimeona nyuki mbele.

Nyuki hawakuwepo.

Huku kwetu ukisema nyuki hakuna anayebisha. Wote wakageuka, wengine wakateremka kwa makalio. Mimi nikabaki nyuma, nikajifanya nawalinda.

Niliyemuumiza ni Mama Tumaini. Mwanawe anapasuliwa kesho, na aliweka nadhiri kwamba atasali chini ya ule msalaba kabla kijana hajaingizwa chumba cha upasuaji. Nilimwona anafuta macho kwa kanga. Nikanyamaza. Mungu anisamehe.

Sasa hivi mke wangu ametoka kwa Mama Tumaini. Anasema mama huyu atarudi mlimani alfajiri peke yake, na atapandia upande wa pili ili akwepe nyuki wangu. Upande wa pili hata wachunga mbuzi hawapiti. Mawe ya kule ukiyakanyaga yanaondoka na wewe.

Naogopa kumwambia. Naogopa zaidi nikimwacha aende.

Nimeacha kuandika, nikampigia.

"Shikamoo mama. Nyuki hawakuwepo. Nilikuwa naogopa tu." Sikungoja hata aitikie.

"Marahaba," akasema. "Kwa hiyo nimelia bure. Basi kesho twende wote, baba, kwa njia ileile. Na utangulie wewe, nikuone."

Nimekubali. Kila nikifumba macho naliona lile korongo.

Nimemwambia mke wangu aniamshe saa kumi, hata nikimwambia naumwa.