Mtaa Mweupe Kwenye Ramani

Jumatatu, 3 Machi

Kipindupindu, wiki ya tatu. Vituo kumi na kimoja vinanipigia idadi ya wagonjwa, mimi naipaka rangi ramani ya mji kwenye kompyuta. Wengi — nyekundu. Wachache — njano. Hakuna — nyeupe. Leo mtaa wa bondeni, anakoishi dada, umetoka mweupe pee! Mkuu wa idara, tunamwita Bwana Tai (hata jua liwake vipi, tai haivui), kanipiga begani: "Karani, picha yako inaongea." Nikavimba kichwa. Papo hapo kaamua magari yote ya maji na dawa yapande mlimani, kwenye wekundu.

Jumanne, 4 Machi

Dada kapiga. Eti awalete watoto kwangu? Nikamwambia atulie, kwake salama kuliko kwangu. Nikamtumia ramani. Kacheka sana, kasema kumbe na sisi wa bondeni tunaweza kuongoza kwa jambo jema!

Alhamisi, 6 Machi

Bado mweupe. Siku ya nne. Moyo umekataa. Mtaa mzima unachota kisima kimoja, na hakuna hata mmoja anayeharisha?

Nikampigia nesi wa kituo cha kule. Kapokea mfagizi. Nesi kaugua tangu Jumapili, hata kusimama hawezi. Na wagonjwa? Wamejaa mpaka barazani, ila hakuna wa kupiga hesabu zao.

Mungu wangu. Sifuri na kimya — nimevipa rangi moja. Mimi! Hakuna aliyenituma.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepaka bondeni kijivu: hatujui. Bwana Tai kaikataa. Kijivu hakimwambii mtu kitu, na picha ya kwanza imeshafika kwa wakubwa, wameipigia makofi. "Lete namba, nikupe gari." Nikamweleza aliyosema mfagizi. Kaniambia mfagizi si takwimu.

Simu ya dada haipatikani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshuka mwenyewe hadi kituo cha bondeni. Daftari, kalamu mbili, paketi za chumvichumvi za kuchanganya na maji — zote nilizopata dukani. Harufu imenipokea kabla ya mlango.

Mfagizi hajui kuandika. Lakini kila aliyeletwa kamchorea mstari wa mkaa ukutani. Aliyekufa, mstari umekatwa. Siku baada ya siku, safu baada ya safu. Nimehesabu kwa kidole: themanini na tatu. Kumi na tisa imekatwa. Nilikuwa na kompyuta mbili mezani, na ukweli ulikuwa hapa, kwa mkaa!

Nikampigia Bwana Tai, nikamtajia namba. Kasema niijaze kwenye fomu, Jumatatu wataiangalia.

Shemeji yuko mlangoni, kampakata mwanawe mdogo. Mtoto mzima, alhamdulillahi. Salamu yangu hakuiitikia. Kanionyesha ndani kwa kidevu.

Dada yuko chini, kwenye mkeka. Macho yamezama. Naandika nimeketi kando yake, namnywesha kijiko kijiko. Dripu ziliisha jana.

Kaniuliza magari yamefika?

Nikasema yako njiani.

"Haya, mdogo wangu. Wewe hunidanganyi. Ndiyo maana tulibaki."

Anatapika tena. Mfagizi anaita, ndoo imejaa, niishike upande mmoja —