Mwombaji Ni Nani

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua kimekuachia upumue. Msalimie Mama, mwambie sijakonda kama anavyodhani. Mimi sijambo, ila hasira tu ndizo zilizonijaa.

Unajua huu ulikuwa mwaka wangu wa sita nikiwa kibarua katika kile kiwanda cha uchapaji. Mashine kubwa ikigoma, mimi ndiye niliyeitwa. Ilipotangazwa nafasi ya fundi wa kudumu, nikajaza fomu. Juu iliandikwa "Jina la mwombaji". Sikufikiri mara mbili, nikaandika langu.

Jumatatu nikaitwa ofisini. Meneja hakugusa hata vyeti vyangu. Aliniacha nimesimama, akaanza kunifundisha Kiswahili: eti mwombaji ametokana na kuomba, ukoo mmoja na ombaomba wa barabarani, nami nimeingia kwake kama mtu aliyekuja kudai.

"Basi omba," akasema. "Tuone."

Baba, damu ilinichemka. Nikamwambia ni kweli neno limetoka kwenye kuomba, lakini hata mahakamani kuna mwombaji, naye huenda kutafuta haki yake. Anayekabiliana naye huitwa mjibu maombi.

"Mimi nimeshaomba, tena kwa maandishi," nikamwambia. "Kilichobaki ni wewe kujibu."

Karani wake akajifanya anakohoa, kumbe anacheka.

Hapo meneja akavuta droo, akatoa karatasi, akasema afadhali kwetu yupo anayejua kuomba. Niliutambua mwandiko kabla hajafungua kinywa. Ilikuwa barua yako, Baba. Ulimwandikia kwamba unampigia magoti, kwamba binti yako ni mkaidi lakini amhurumie, hana mbele wala nyuma. Aliisoma yote kwa sauti, mlango wazi, mafundi wote wakisikia.

Sikufichi: niliinyakua mkononi mwake. Nikamwambia aliyeiandika amechomelea vyuma miaka thelathini, na magoti yake aliyapiga mbele ya kazi tu. Akanijibu kweli. Nafasi sikupata, na kibarua kikaota nyasi papo hapo.

Njiani nililia, lakini si kwa ajili ya kazi. Najua uliandika kwa mapenzi. Barua yako ninayo. Siichani wala sikurudishii. Kesho napeleka maombi kiwanda kingine, na nitaingia nimenyoosha mgongo vilevile.

Naomba usiniombee tena kwa binadamu yeyote. Ukitaka kuniombea, niombee kwa Mungu. Yeye hasomi barua za watu kwa sauti.

Wasalimie wote hapo nyumbani, wadogo kwa wakubwa.

Ni mimi binti yako,
Fundi