Giaboksi Si Kazi Yangu

Baba,

Usiitafute vani. Imevutwa hadi gereji ya Fundi Jotham kule Phillips, nami nimeisindikiza kama mfiwa. Githeri iko kwenye friji, ipashe moto.

Asubuhi ulipotia gia na vani ikanguruma bila kusogea, hukuitazama vani. Ulinitazama mimi. "Mutuma, umefanya nini tena? Rudisha ulichotoa!" Tena mbele ya wanakwaya wanne waliokwisha kuketi na majoho yao. Mkaondoka kwa gari la Mama Nkatha bila hata kuniaga.

Nakiri: chumvi kwenye kopo la sukari ilikuwa yangu. Bwenini niliadhibiwa mara nyingi, na makosa yote yalikuwa yangu. Hili ndilo la kwanza la mtu mwingine.

Fundi amechomoa kijiti cha kupimia. Oili ya giaboksi ni nyeusi, inanuka ugali ulioungua. Haijabadilishwa tangu tuinunue vani. Mwaka jana nilikuonyesha kitabu cha gari: ibadilishwe kila maili elfu sitini. Ukacheka. "Bwana wa yadi ya magari amevaa tai, anasema oili hiyo ni ya maisha, haibadilishwi. Wewe umevaa nini?"

Nilikuwa nimevaa pajama, Baba. Lakini nilikuwa nimesoma.

~~Sihitaji kuombwa msamaha.~~ Nahitaji, mbele ya wanakwaya walewale, sauti zote nne.

Chai iko kwenye chupa, nimeshatia sukari. Tafadhali, kunywa bila kuonja kwanza.

Kitinda mimba wako